Nyuma ya Kula

Hamimu alikuwa fundi wa kushona viti vya magari pale Buyenzi, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kuishi amelala chali. Kiti cha gari hakishonwi kama kanzu, umekaa kitako na kitambaa mapajani. Sharti uingie ndani, ulale sakafuni, upitishe sindano kwa chini na kuitafuta kwa vidole upande wa pili. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi aliutazama mji wa Bujumbura kupitia vioo vya magari yasiyotembea: kipande cha mbingu, waya wa umeme, kunguru wawili, na mvua ikishaosha hewa, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Vilimtosha. Mtu anayelala chali mchana kutwa huwa na mawazo marefu kuliko sisi tunaosimama.

Gari la juma lile lilikuwa Probox ya Tajudini, jirani yake mwenye gereji, rafiki yake tangu walipokuwa wakichapwa pamoja madrasa. Halikuwa na injini wala magurudumu. Lilikaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia. Hata hivyo Tajudini alikuwa ameapa kwamba Ijumaa litatembea, maana ndilo litakalombeba bibi harusi, na petroli yake, iliyokuwa adimu mjini siku hizo, alikwisha kuificha kwenye madumu mahali ambapo hata mkewe hapajui. Bibi harusi mwenyewe ni Assia, mtoto wa pekee wa Hamimu. Baba alikuwa akimshonea binti yake kiti cha kuondokea: plastiki nyeupe, na mshono mwekundu ukingoni. Alishona polepole kuliko kawaida yake, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Hapo ndipo mafua yalipomkuta. Yalianza puani kama mafua ya kila mtu, kwa mvua iliyomnyeshea akitoka sokoni na mzigo wa sponji begani, kisha yakateremka kooni. Jumatatu asubuhi alifungua mdomo kumsalimu Tajudini, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo wa mlango mbovu. Kwa fundi wa viti kukosa sauti si msiba, kwani sindano haingoji salamu. Lakini Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, mbele ya mashahidi, baba ndiye anayetamka maneno ya kumwoza binti yake. Asipoweza humpa shehe idhini aseme kwa niaba yake, na ndoa hufungika vilevile bila kasoro.

Bila kasoro kwa shehe, labda. Mkewe Hamimu, marehemu Mwanvua, aliozwa siku ambayo baba yake alikuwa safarini Uvira, na aliyetamka maneno alikuwa shehe mgeni ambaye Mwanvua hakupata kumwona tena. Jambo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote. "Mi niliozeshwa na mutu sikumujua," alikuwa akisema, na midomo ilicheka lakini macho hayakucheka. Katika ugonjwa wake wa mwisho alimshika Hamimu mkono akamwambia, "Siku ya Assia, useme we mwenyewe." Hamimu akaitikia. Ahadi kwa aliye hai unaweza kuijadili, ukaomba radhi, mkacheka. Kwa aliyelala kaburini utaijadili na nani?

Basi akaenda farmasi. Aliyekuwa akiuza ni Mélissa, msichana wa Mutanga Nord, ambaye Kirundi na Kifaransa vilimtoka kama maji, na Kiswahili alikisema kwa uangalifu, kama mtu anayevuka kijito juu ya gogo. Alimsikiliza Hamimu akinong'ona, akamtazama macho, akamchagulia pakiti ya vidonge vya mafua.

"Muzee, hii dawa ni moja asubui, moja midi, moja mangaribi. Nyuma ya kula," alisema. Kwetu Bujumbura ndivyo tunavyosema, nyuma ya kula, tukiwa na maana ya baada ya kula. "Usiikunywe na njaa, itakuuma mu tumbo. Tena inaleta usingizi. Usiendeshe motokari."

"Motokari yangu haitembei, mwanangu," alinong'ona Hamimu, akalipa, akatia pakiti mfuko wa shati.

Na mfukoni ikakaa. Hamimu hakuwa msahaulifu wala mbishi. Alikuwa mtu wa kufuata neno kama alivyoambiwa, na neno alilopewa lilikuwa nyuma ya kula. Sasa, kwa watu wa Buyenzi wa umri wake, kula ni kula. Ni bugari, yaani ugali, la moto kwenye sinia, mboga pembeni, mikono imeoshwa, na angalau mtu mmoja wa kukaa naye mkabala. Chai na mkate haviliwi, vinanywewa: hata ukitafuna mkate mzima utasema umekunywa chai. Karanga ni za kuchezesha meno. Chapati ya barabarani ni ya kudanganya njaa. Mtu anaweza kupitisha kutwa akitafuna hiki na kile, ukimuuliza jioni akakujibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hajala, na wala hajakudanganya.

Na Hamimu hakuwa amekula tangu Assia alipohamia kwa shangazi yake, kama ilivyo desturi, akae ndani, asiguswe na jua, apakwe hina, afundwe. Tangu Mwanvua alipofariki, baba na mtoto walikuwa wakikaa kwenye sinia moja kila jioni, yeye upande wa mlango, Assia upande wa jiko. Peke yake hakuwahi kukaa kwenye sinia maishani mwake. Hakujua hata mtu aanzie wapi. Shangazi mtu, dada yake Hamimu, alimletea bakuli la chakula kila siku kabla ya magharibi, bugari na ndagala, vile visamaki vya ziwani, siku nyingine mboga ya lengalenga. Hamimu alimshukuru, akangoja aondoke, akampelekea bakuli Sylvère, zamu anayelinda gereji. Sylvère alishaanza kufungua tundu jipya la mkanda, na alikuwa akiwaombea Waislamu wote wa Buyenzi maisha marefu.

Jumanne ikapita, sauti haikurudi. Jumatano asubuhi shehe alipita gereji, akainama dirishani mwa Probox, akamkuta Hamimu chini na sindano mdomoni.

"Usijali, Hamimu," alimwambia kwa upole. "Utanipa idhini, mi nitasema. Iko vilevile mbele ya Mungu."

Hamimu aliitikia kwa kichwa kwa heshima, na shehe alipoondoka aliitoa sindano mdomoni akabaki ameishika. Aliogopa. Alimwona Assia akitoka kwake kwa sauti ya mtu mwingine, kama mzigo unaosainiwa na jirani wakati mwenyewe hayupo, na akaona uchungu mpaka akashindwa kuona tundu la sindano.

Tajudini ndiye aliyemvuta mguu kutoka ndani ya gari. "We unakunywa dawa kweli? Inuka. Tunarudi kwa huyo mutoto wa farmasi, atueleze dawa gani hii."

Wakaenda wote wawili, mmoja na sauti, mwingine na ugonjwa. Tajudini akaanza kulalamika kabla hajafika kaunta, kwamba siku hizi hata dawa zinachanganywa na unga, kwamba rafiki yake atamwoza mtoto kwa mikono kama bubu. Mélissa alimwacha amalize, kisha akamgeukia mgonjwa.

"Muzee, umekunywa ngapi?"

Hamimu akatoa pakiti mfukoni. Haikuwa imefunguliwa.

"Hata moja?" Mélissa aliuliza. "Juu ya nini?"

"Ulisema nyuma ya kula," alinong'ona Hamimu. "Mi sijakula bado."

"Leo?"

Hamimu akatazama sakafu ya farmasi. "Tangu mutoto alienda kwa shangazi yake."

Tajudini, ambaye alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme kitu juu ya sikio la kufa na dawa, akamsogezea rafiki yake kiti cha wateja.

"Sasa unaishi na nini?" aliuliza Mélissa.

"Chai. Na mukate."

"Mukate si kula?"

"Mukate ni mukate," alisema Hamimu, na kwa namna alivyolisema, kwa upole na bila ubishi, msichana aliona kwamba hapo hapakuwa na la kujadili. Akaegemea kaunta akatafuta maneno ya Kiswahili moja moja.

"Muzee, tumbo haijue kama ni bugari ao mukate. Inajua tu kama iko na kitu ndani ao haiko na kitu. Ukikunywa chai na mukate, dawa inatosheka. Na andazi pia. Usikunywe tu na tumbo ya bure."

Hamimu alikubali kwa shingo upande. Moyoni aliona ni udanganyifu mdogo, kuliita andazi chakula ili kidonge kipite. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja. Mchana ule alinunua andazi kwa mama wa pembeni, akalila lote amekaa kwenye ukingo wa gari, akateremsha kidonge kwa maji, akaingia ndani kumalizia mshono wa kiti cha nyuma. Tajudini hakurudi gereji naye. Alisema ana shughuli, akashika njia ya nyumbani kwa shangazi.

Usingizi wa dawa si kama usingizi wa kitandani. Hauuoni ukija, unakuta umeshafika. Hamimu alivuta uzi wa mwisho, akaukata kwa meno, akasema ajilaze kidogo tu juu ya ile plastiki nyeupe aone kama sponji imekaa sawa. Mbingu ilikuwa dirishani mahali pake, na waya wa umeme, na kunguru mmoja. Kisha waya ukaanza kusogea.

Gari lilikuwa linakwenda. Halikuwa na injini, kwa hiyo halikupiga kelele, na halikuwa na magurudumu, kwa hiyo halikutikisika. Liliteremka kutoka kwenye mawe yake, likapita katikati ya magereji, na mafundi waliinua vichwa wakalisalimu. Likavuka mto Ntahangwa. Likafika Buterere kwenye mashamba ya mpunga, ambako maji yalikuwa yamefunika njia, nalo likapita juu ya maji, na mpunga mbichi ukawa unapangusa chini ya sakafu taratibu, hapohapo ambapo yeye hulala akishona. Hakushangaa. Aliona tu raha, na kifua kilikuwa chepesi. Halafu, bila kugeuza na bila kupita mjini, wakawa Kibenga, upande wa pili kabisa wa mji, ziwa likiwa kulia kwao, limetulia kama chai iliyopoa.

Nasema wakawa, kwa sababu kiti cha mbele alikaa mtu. Hakugeuka, lakini shingo ya mtu uliyeishi naye haihitaji kugeuzwa ndipo uitambue. Ilikuwa Mwanvua, na kitenge chake cha samaki wa manjano, na mapajani amepakata sinia lao kubwa limefunikwa kitambaa. Hapakuwa na dereva. Mwanvua hakuonekana kujali hilo.

"Baba Assia," alisema, mkono wake juu ya kitambaa. "Umekula?"

Hamimu alifungua mdomo. Alitaka kusema mengi: kwamba kuna andazi, na kwamba hajui kama linahesabiwa, kwamba mtoto anaondoka, kwamba nyumba jioni inakuwa kubwa. Sauti haikutoka. Hata huko alikuwa na mafua. Mwanvua hakukasirika wala hakurudia swali. Alingoja, kama anayengoja sufuria ichemke, na gari likaendelea na safari yake kando ya maji, na Hamimu akawa anajaribu na kujaribu kusema neno moja tu, mpaka harufu ya mawese ikamfikia.

Alikuwa na siku kadhaa hajanusa kitu chochote, hata gundi ya sponji. Akafungua macho. Gari lilikuwa juu ya mawe. Jua lilikuwa limeshuka, na mlangoni mwa Probox, amejitanda buibui kubwa la shangazi yake mpaka puani, alisimama Assia na sinia mikononi.

"Baba, amuka tukule."

"Ha! We hautakiwe kutoka inje," alinong'ona Hamimu akiinuka.

"Shangazi anajua. Amesema nipite nyuma ya nyumba za watu." Aliingia ndani ya gari, akaweka sinia juu ya kiti cheupe katikati yao, akajifunua uso. Hina ilikuwa bado mbichi kiganja cha kushoto, kwa hiyo mkono huo alikuwa ameufunga mfuko wa plastiki. "Ndagala ya shangazi unampatiaka nani?"

Hamimu akatazama upande wa geti. Kule Sylvère alikuwa ameona jambo la muhimu sana upande wa pili wa barabara, na alilikazia macho kwa bidii.

Wakanawa, wakala. Bugari lilikuwa la moto, na mboga ni sombe ya majani ya muhogo, iliyotiwa mawese kwa mkono usiobana. Hamimu alikula kama mtu aliyerudi kutoka mbali. Katikati ya kula tone la mawese likadondoka, likatua juu ya plastiki nyeupe karibu na mshono mwekundu, likaingia kwenye matundu ya sindano. Akalifuta, likaacha duara la manjano. Akalifuta tena, likatanuka.

"Acha, Baba," alisema Assia. "Nitaikalia mi mwenyewe."

Halafu vidole vyake vikazungusha tonge ambalo halikwenda mdomoni. "Ukikosa sauti, shehe aseme tu. Nitaolewa vilevile. Usijitese."

"Mama yako."

"Najua neno ya Mama." Assia aliinamisha kichwa. "Mi siogopi Ijumaa. Naogopa nyuma ya Ijumaa. Utakula na nani?"

Hamimu akasukuma mboga mpaka upande wa Assia wa sinia. Alimpenda mtoto huyu kuliko macho yake, na alikuwa anajifunza kumwacha. Assia akachukua pakiti mfukoni mwa shati la baba yake, akatoa kidonge, akakiweka kiganjani mwake, akamngoja ameze. Kisha akajitanda buibui la shangazi na kurudi kwa njia ya uani alikotoka.

Ijumaa msikiti ulijaa. Hamimu alikuwa amelala vizuri, amekunywa dawa yake kila baada ya chai na mkate kwa shingo upande ileile, na tangu alfajiri hakuwa amesema neno na mtu, akiitunza sauti kama Tajudini alivyoitunza petroli. Hakujua kama ipo. Faruk, bwana harusi, alikaa mbele yake, mkono ndani ya mikono yake miwili, jasho likimtiririka.

"Nimekuozesha binti yangu," alianza Hamimu, na sauti ikatoka, nene, yenye mikwaruzo, lakini yake. Alipofika kwenye jina ikakatika. Shehe aliinama mbele kumsaidia, na Tajudini, Mungu amsamehe, akamshika shehe mkono wa kanzu akauvuta. Hamimu alimeza mate. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyaficha, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

"Assia," alisema. "Nimekuozesha binti yangu Assia, kwa mahari tuliyopatana."

"Nimekubali," alisema Faruk, kwa sauti ndogo kuliko ya mgonjwa.

Alasiri Probox ikasimama mbele ya nyumba ya shangazi, na kweli ilikuwa na injini. Assia aliingizwa kwa vigelegele, akakalishwa kiti cha nyuma, na Hamimu aliona mkono wenye hina ukitafuta mahali pale kwenye plastiki nyeupe, ukalifunika lile duara la manjano. Kioo kikateremka.

"Baba," aliita Assia katikati ya makelele. "Umekula?"

Hamimu alikuwa amepita kwenye masinia ya watu mchana kutwa, akiwakaribisha, akionja punje za pilau hapa na pale. Alifungua mdomo amjibu ukweli. Lakini gari la Tajudini likanguruma, safari hii kwa injini, na likaondoka kabla hajajibu.

Jumamosi asubuhi aliamka katika nyumba yenye utulivu. Pua ilikuwa wazi. Kooni palibaki kikohozi kidogo, na katika pakiti kidonge kimoja. Alichemsha chai, akatoa mkate kwenye mfuko. Alikuwa karibu kuumega amesimama jikoni, kama alivyofanya siku zote hizo, akasita.

Akalishusha sinia kutoka kwenye msumari wake ukutani. Lilikuwa kubwa mno kwa mkate mmoja. Akatandika mkeka, akalitua katikati, akanawa mikono kwa maji ya kata, akakaa upande wake wa mlango. "Bismillah," alisema kwa sauti, ili asikike. Akala polepole, upande wake tu, kama tulivyofundishwa sote tangu utotoni kutovuka mkono kwenye upande wa mwenzako, na pande nyingine akaziacha kama zilivyo.

Alipomaliza, akafuta makombo mdomoni akatazama upande wa jiko.

"Nimekula," alisema.

Nyuma ya hapo akanywa dawa.